Shikhuma: Mti wa Kakamega Ulio Ndugu wa Pilipili ya Sichuan

Mtu anayeingia msitu wa Kakamega kupitia Isecheno anaweza kuutambua mti wa shikhuma hata kama si mtaalamu wa mimea. Shina lake limejaa vinundu vigumu vya mbao, kila kimoja na ncha kali kama mwiba. Majani yake ni marefu kama mkono wa mtu mzima, na kila jani limegawanyika katika vijijani vingi. Ukifikicha kijijani kimoja mkononi, harufu inayotoka si ngeni: ni ya ndimu.

Kuna alama nyingine ambayo haikuletwa na maumbile. Kwenye miti mingi ya shikhuma, kuanzia usawa wa goti hadi pale mkono wa mtu unapofika, gome limebambuliwa. Mingine imepata kovu na kuendelea kuishi. Mingine imezungukwa kabisa na panga, na juu yake matawi yamekauka.

Gome hilo huchemshwa majumbani kwa ajili ya kikohozi, kifua, maumivu ya viungo na homa. Wanaolitafuta si watu wabaya. Wengi walifundishwa na akina kukhu ambao walikuwa wakichukua kipande cha kiganja kimoja, wakarudi nyumbani, na wasiurudie mti ule kwa muda mrefu. Siku hizi gome huuzwa, na anayeuza huhitaji gunia.

Ukoo wa ndimu na machungwa

Wanasayansi huuita mti huu Zanthoxylum gilletii. Vitabu vya zamani viliuita Fagara macrophylla, kwa hiyo anayekutana na jina hilo ajue ni shikhuma yule yule. Jina Zanthoxylum limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya mti wa manjano, na aliyewahi kukata shina la shikhuma ataelewa sababu, kwa maana ndani ya gome kuna umanjano. Umo katika familia moja na mchungwa, mlimau na mdimu, ndiyo maana majani yake hunukia hivyo.

Ndugu zake wa karibu zaidi, wale wa jenasi moja, wametapakaa Afrika, Asia na Amerika. Pwani ya Kenya yuko mjafari, ambao Wakamba huuita mukenea na majani yake huchemshwa kama chai. Katika nyanda za juu kavu yuko oloisuki wa Wamaasai, ambao huchemshwa pamoja na supu ya nyama. Hapa hapa msitu wa Kakamega kuna kichaka chenye miiba iliyopinda kinachopanda juu ya miti mingine, chenye vitunda vya rangi ya machungwa vinavyowasha ulimi. Kilijulikana kwa miaka mingi kama Toddalia asiatica, na sasa wataalamu wamekihamishia kwenye jenasi hii ya shikhuma. Kichaka hicho humea Afrika na Asia pia, na huko kote watu hukitumia kwa kikohozi na homa.

Lakini aliyepata sifa kuliko wote katika ukoo huu ni kichaka cha Uchina.

Pilipili isiyo pilipili

Katika mkoa wa Sichuan, Uchina, mapishi mengi hayakamiliki bila kiungo kinachoitwa huajiao. Duniani kinajulikana kama pilipili ya Sichuan, ingawa hakina undugu na pilipili manga wala pilipili hoho. Ni ganda la kitunda kidogo chekundu cha kichaka chenye miiba. Kitunda kikikauka hupasuka, kisha mbegu nyeusi inayong'aa hutupwa kwa sababu ni kama mchanga mdomoni, na ganda ndilo linalosagwa. Wajapani wanacho chao, sansho. Nepali wanacho timur, ambacho hutiwa kwenye achari, na vijiti vyake hutafunwa kama mswaki kwa wenye maumivu ya meno.

Anayeonja pilipili ya Sichuan mara ya kwanza hushangaa. Haichomi kama pilipili kali. Midomo huanza kutetemeka, kisha ulimi hufa ganzi. Kemikali inayofanya hivyo huitwa sanshuli. Mwaka 2013 watafiti wa chuo kikuu cha University College London walionyesha kwamba kemikali hiyo huamsha mishipa ya fahamu ile ile inayohisi mtikisiko, na kwamba mdomo hudhani unatikiswa takriban mara 50 kwa sekunde. Kitunda cha shikhuma nacho kina mbegu nyeusi yenye kung'aa ndani ya ganda jekundu. Akiwekewa mezani vitunda hivyo viwili, mtu asiyejua anaweza kuona ni jamii moja.

Undugu huo na mchungwa uliwahi kuleta matatizo ya kibiashara. Marekani ilipiga marufuku uagizaji wa pilipili ya Sichuan mwaka 1968 kwa hofu kwamba ingebeba ugonjwa wa bakteria unaoshambulia michungwa na milimau. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 2005, kwa sharti kwamba kiungo hicho kipashwe moto kwanza ili kuua bakteria.

Jambo la kuangalia hapa ni namna Waasia wanavyovuna. Wanachuma tunda. Kichaka kinabaki shambani, na mwaka unaofuata kinazaa tena. Kimepandwa, kina mwenyewe, na mwenyewe hawezi kukubali mtu akibambue gome. Sisi tunachotaka kwa shikhuma ni gome, na mti wenyewe uko msituni ambako kila mtu hudhani mwingine ndiye anayeutunza.

Je, gome lina dawa?

Swali hili linastahili jibu la kweli, si la kuwaridhisha wauzaji wala la kuwadharau wazee.

Gome la shikhuma lina kemikali zenye nguvu. Wanakemia wamepata ndani yake alkaloidi kadhaa, mojawapo ikiitwa nitidini. Kemikali hiyo hiyo ilipatikana katika mizizi ya kile kichaka cha Toddalia kinachotumiwa na Wapokot kutibu homa, na mwaka 1995 ilichapishwa taarifa ya kisayansi iliyoonyesha kwamba inaua vijidudu vya malaria katika maabara. Kwa hiyo waliosema kwamba mimea hii ina kitu hawakukosea.

Lakini kuua vijidudu ndani ya chupa ya maabara ni jambo moja, na kumponya mtoto ni jambo jingine. Nitidini inaweza pia kudhuru chembe za mwili wa mtu. Hakuna dawa ya malaria iliyotengenezwa kwa shikhuma ikapimwa kwa wagonjwa na kuidhinishwa. Anayechemsha gome nyumbani hajui ameingiza kiasi gani kwenye sufuria: mti mmoja hautoi nguvu sawa na mwingine, na gome la mti mzee si sawa na la mti mchanga. Anayenunua unga uliosagwa hana hata uhakika kwamba ni shikhuma, kwa maana gome likishasagwa, vile vinundu na ile harufu ya ndimu ya majani havipo tena kumsaidia.

Kakamega iko katika ukanda wa Ziwa Viktoria ambako malaria huambukiza mwaka mzima. Mtoto mwenye homa anaweza kubadilika kati ya asubuhi na jioni. Anayemnywesha mtoto huyo maji ya gome kwa siku mbili akisubiri homa ishuke, huenda akafika hospitalini wakati damu imekwisha mwilini na mtoto anapata degedege. Homa ya mtoto ipimwe siku hiyo hiyo. Kipimo cha haraka hutumia tone moja la damu na majibu hutoka kwa dakika chache. Kinapatikana katika zahanati na vituo vya afya, na vijijini wahudumu wengi wa afya ya jamii wanacho kwenye mikoba yao. Ikithibitika ni malaria isiyo kali, dawa ya kwanza nchini tangu mwaka 2006 ni ile ya mseto iitwayo AL, na dozi yake hukamilishwa hata kama mtoto ameanza kucheza.

Mama mjamzito asitumie gome la shikhuma. Vivyo hivyo, anayetumia dawa za presha, kisukari, kifua kikuu au virusi vya UKIMWI amwambie daktari kila anachokunywa cha mitishamba. Wengi huficha wakiogopa kukemewa, na daktari anabaki kubahatisha kwa nini dawa haifanyi kazi.

Kuna habari nyingine ambayo huzungumzwa sana katika familia zenye watoto wa selimundu, ugonjwa ambao si mgeni magharibi mwa Kenya. Ni kweli kwamba katika miaka ya 1970 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ife, Nigeria, waligundua kwamba mizizi ya ndugu mmoja wa shikhuma huko Afrika Magharibi, ambayo watu hutafuna kama mswaki, inaweza kuzuia chembe nyekundu za damu zisijikunje katika maabara. Burkina Faso hutengenezwa dawa ya mitishamba inayotumia mmea huo pamoja na mwingine. Lakini mmea huo si shikhuma wetu, na gome la shikhuma halijathibitishwa kwa ugonjwa huo. Mtoto wa selimundu asikatishwe kliniki kwa sababu ya habari hii.

Namna mti unavyokufa

Wengi hudhani gome ni kama nguo ya mti, kwamba likivuliwa litamea jingine. Si hivyo. Chakula cha mti hutengenezwa kwenye majani, kisha hushuka hadi mizizini kupitia tabaka jembamba lililo upande wa ndani wa gome. Panga likizunguka shina lote, njia hiyo inakatika. Maji bado yanapanda kupitia mbao, kwa hiyo mti huendelea kuwa na majani mabichi kwa miezi kadhaa, pengine zaidi ya mwaka. Aliyeubambua hupita pale na kusema mbona uko salama. Chini, mizizi inakufa kwa njaa. Mizizi ikiisha, majani hunyauka, na mti ulioanza kukua kabla ya msitu huu kutangazwa rasmi mwaka 1933 unakuwa kuni.

Hata mti usiozungukwa wote huumia. Kidonda kilicho wazi huingiza mchwa na kuvu, na mbao ya ndani huoza. Shikhuma ni miongoni mwa miti yenye mbao za thamani kubwa kwa samani katika eneo hili, kwa hiyo anayebambua gome la shilingi mia kadhaa huenda anaharibu mbao ya maelfu.

Mwiritsa ulipitia njia hiyo hiyo. Gome lake lilipata soko Ulaya kwa dawa za tezi dume, likavunwa Kameruni, Madagaska na hapa Kenya hadi mwaka 1995 biashara yake ya kimataifa ikawekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES. Shikhuma hauna soko la nje kama hilo, na wanunuzi wake ni sisi wenyewe.

Sheria inasema nini

Sehemu kubwa ya msitu wa Kakamega iko chini ya Huduma ya Misitu ya Kenya, KFS. Upande wa kaskazini, Buyangu, ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1985 na inasimamiwa na Huduma ya Wanyamapori, KWS. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016, kukata, kujeruhi au kuondoa mazao ya msitu wa umma bila kibali ni kosa, na gome ni zao la msitu. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi 100,000 au kifungo kisichopungua miezi 6, au vyote viwili.

Sheria hiyo hiyo inawapa wakazi nafasi. Wanaoishi kando ya msitu wanaweza kujiunga na chama cha jamii cha misitu, kama vile Muileshi upande wa kusini, na kupitia chama hicho kuomba matumizi yanayokubalika katika mpango wa usimamizi. Waganga wa mitishamba wenye nia njema wananufaika zaidi wakiingia kwa mlango huo kuliko wakipita vichochoroni alfajiri. Na mti ulio katika shamba la mtu ni wake, ingawa kuukata kuna taratibu zake.

Mwenye mti wake anayetaka gome asiuzunguke. Achukue ukanda mwembamba wa wima upande mmoja, sehemu ndogo tu ya mzingo wa shina, kwa kisu kikali kisichochimba hadi kwenye mbao. Upande wa pili usiguswe mpaka kidonda cha kwanza kimefunga, na hilo huchukua miaka, si misimu. Mti mchanga usivunwe kabisa.

Kuupanda nyumbani

Shikhuma hupenda mvua na udongo wenye kina, na Kakamega, yenye mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, ni kwao. Tatizo liko kwenye mbegu. Zina ganda gumu lenye mafuta, huchelewa kuota, na ndege hupenda vitunda hivyo hata mtu asipate za kutosha. Kitalu kilichozoea kuotesha mkaratusi kwa wiki chache kinaweza kukata tamaa.

Wengi wenye uzoefu hutumia njia nyingine: hungoja miche inayojiotea chini ya mti mama, wakaihamishia kwenye mifuko ingali midogo na kuiweka kivulini hadi ishike. Kwa mti ulio shambani hilo halina shida. Kuchukua miche ndani ya msitu kunahitaji ruhusa ya KFS. Anayetaka kujaribu mbegu azitumie zikiwa mpya, azifikiche zitoke mafuta, na asitupe kitalu mapema zikichelewa. Taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, hutoa ushauri juu ya mbegu za miti ya kiasili, na ofisa wa kilimo wa wadi anaweza kumwelekeza mkulima.

Shikhuma hauleti pesa za haraka, na ni vizuri hilo lisemwe wazi. Anayeupanda leo anapanda mbao za wajukuu. Ndiyo maana kwa mwenye nusu ekari inayomsubiri ada ya shule, kuna mfano mwingine wa hapa hapa.

Mwonyi, kichaka kinachochumwa majani

Mwonyi, kwa jina la kisayansi Ocimum kilimandscharicum, ni kichaka chenye harufu kali ya kafuri. Ni ndugu wa mrehani wa pwani na wa tulsi unaoheshimiwa India, na Wahindi pia hulima mwonyi wenyewe kwa ajili ya kafuri yake. Hapa Kakamega familia zimeutumia tangu zamani kwa mafua, kwa kifua na kufukuza wadudu.

Kikundi cha Muliru Farmers Conservation Group, kilichoanza mwaka 1997 kando ya msitu, kilishirikiana na watafiti wa icipe wakaukuza mmea huu shambani badala ya kuutafuta porini. Majani huvunwa, hukamuliwa mafuta kwa mvuke, na mafuta hayo ndiyo yanayotumika katika dawa ya kupaka iitwayo Naturub, ambayo ilipimwa na kusajiliwa kabla ya kuuzwa. Mwaka 2010 kikundi hicho kilipewa Tuzo ya Equator ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP. Zaidi ya asilimia 40 ya wanaoshiriki walikuwa wanawake.

Mwonyi na shikhuma havitibu mambo yale yale kwa njia ile ile, na mmoja hauchukui nafasi ya mwingine kila mahali. Hata hivyo, kwa mafua na kifua kilichoziba, ambako watu wengi hukimbilia gome, mwonyi unapatikana nyuma ya nyumba na ukikatwa hurudi. Kikohozi kinachozidi wiki mbili, au chenye damu, kisitibiwe kwa mmea wowote kati ya hii miwili: makohozi yapimwe kifua kikuu, na kipimo hicho hakitozwi pesa katika vituo vya umma.

Miche ya mwonyi na ya shikhuma hupandwa mvua ndefu inapoanza, kati ya Machi na Aprili. Mwonyi hushika hata kwa kipande cha shina na haubagui mahali. Shikhuma upewe nafasi mbali na paa na nyaya za umeme, kwa maana unaweza kufika mita 30, na uzungushiwe uzio mwaka wa kwanza, kwa sababu vile vinundu vya miiba havijawa vikubwa vya kutosha kumzuia mbuzi.